Upole wa Fidélie Umezidi Kipimo

Kwa Baba Parrain Evariste na Mama Marraine Anne,
Kakontwe.

Wazazi wetu wa ndoa,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwenu. Ninawaandikia kwa heshima, mimi Ghislain, fundi wa simu wa Shituru, ambaye mlimsimamia mbele ya altare. Jumapili zote mlizotuandaa kwa ndoa, mlimfundisha Fidélie kuwa mpole. Hamkumwambia aishie wapi. Ndiyo maana naleta malalamiko kwenu.

1. Upole wake hauna maana moja. Nikichelewa kurudi, ananipashia moto sahani ya bukari na mboga, na kuniuliza kama nimechoka. Huo ni upole wa mtu anayejua nilikokuwa. Nikinunua redio mbovu sokoni, anaisifia rangi. Huo ni wa kunihurumia. Mama yangu akija kukaa wiki mbili, Fidélie anakuwa mpole mpaka mama mwenyewe anaaga siku ya tatu, akimsifu njia nzima. Huo sijaupatia jina.

2. Sijawahi kushinda ugomvi. Jirani yetu Firmin na mkewe Madeleine wanagombana vizuri: sahani zinalia, mtaa mzima unasikia, jioni wanakula pamoja. Mimi nikipandisha sauti, Fidélie ananisikiliza mpaka mwisho. Hakuna anayeweza kuendelea kukasirika akisikilizwa hivyo. Nimejaribu.

3. Hili ndilo linaloninyima raha. Jumatatu, kwa sababu ya mboga iliyokosa chumvi, nilimtangazia kwamba nafunga kibanda changu, naenda Shinkolobwe kuchimba na kaka yangu Osée. Mnajua mgodi ule ulifungwa, watu wanaingia kwa kujificha, na udongo huwaangukia. Mikono yangu imezoea bisibisi. Nilisema nikitegemea atalia, ataziba mlango, ataficha viatu vyangu, kama mke yeyote mwenye akili. Alinitazama kidogo, akasema: "Haina mambo, papa. Enda na sweta, kule kuko baridi."

Sasa sweta imeshafuliwa. Osée amefurahi, anakuja kunichukua Jumamosi. Majirani wananipa pongezi. Kurudi nyuma siwezi, mimi ni mwanamume. Kwenda sitaki, naogopa. Na kinachoniuma kuliko woga ni kufikiri kwamba labda upole huu wa safari hii maana yake amenichoka.

4. Kwa hiyo naomba mfike kabla ya Jumamosi, mmfundishe Fidélie kupiga kelele. Mama Marraine anaweza kumwonyesha mfano. Baba Parrain ananielewa. Anikataze mbele ya mashahidi, nipinge kidogo kwa ajili ya heshima, halafu nishindwe. Mkiona ni lazima sahani zivunjwe, nitanunua mimi.

Msalimieni binti yenu Émilienne na mtoto wake mchanga, wasalimieni wanakwaya wote, hata wale wa sauti ya tatu wanaodai mimi ndiye niliyekuwa nawapoteza.

Ni mimi mtoto wenu, ninayengoja hatua zenu mlangoni,
Ghislain

N.B. Nilimpa Fidélie barua hii anisahihishie, maana anaandika vizuri kuliko mimi. Nilikuwa nimesahau inamhusu nani. Aliisoma yote, akaketi. Kisha akasema, kwa sauti ambayo mtu wa chumba cha pili asingeisikia: "Weye hauendi kule. Minye sikuolewaka na shimo." Nilimuuliza kwa nini hakusema tangu Jumatatu. Akajibu: "Nilikuwa nangojea weye mwenyewe useme ya kama hautaki." Akaichukua ile sweta, akaifungia sandukuni, na hapo nikajua kwamba siku zote hizi ameogopa kuliko mimi. Osée nimeshampigia simu. Tafadhali msije kumfundisha kelele. Sauti ile ndogo imenitosha, na ile kubwa, kama anayo, naomba nife bila kuisikia.