Chai ya Kumzuia Suyin

Ijumaa, 19 Aprili

Jua, hatimaye! Kijiji kizima kiko juu ya ngazi, kinachuma majani ya chai mitini. Jirani yangu Suyin, mjane, alisimama ukutani, kwenye mpaka wa nyua zetu, na kikapu chake akaniambia kwamba chai ya msimu huu ikiisha anafunga nyumba na kuhamia kwa binti yake mjini Shantou. Isipokuwa, alisema, pawe na neno la kumzuia. Kisha akanitazama. Nikamwambia Shantou kuna joto sana. Akasema ndiyo, joto lipo. Akarudi kuchuma.

Nimepata mpango. Mti wa marehemu baba, ule wa juu kwenye miamba, hutoa oolong, chai iliyochachushwa nusu, yenye harufu ya ua la tangawizi. Suyin aliinywa kwetu akiwa msichana, akafumba macho. Tangu siku hiyo nampenda. Akiinywa tena hataondoka. Maneno ya nini?

Jumamosi, 20 Aprili

Mti wa baba huchumwa alasiri, jua likishakausha umande. Najua hilo tangu utotoni. Lakini alasiri Wei Dachun, ambaye naye anamtaka Suyin, angekuwa ameshafika kwa Suyin na pikapu yake mpya, akijifanya anasaidia kubeba. Nimechuma asubuhi. Majani yanachuruzika maji. Dada yangu Meizhu, anayenipikia na kunisema, aliuliza kama natengeneza chai au nafua nguo.

Jumapili, 21 Aprili

Mimi na Meizhu tumeyatikisa majani kwenye ungo, tukayalaza, tukayatikisa tena. Alfajiri kingo zikaanza kuwa nyekundu, na harufu ikaja. Ua la tangawizi. Kidogo tu! Nilikaa kizingitini na ungo mapajani. Nilimwona Suyin wa zamani, nywele zimelowa mvua, kikombe mikononi. Nilimtamani mpaka kifua kikauma.

Nikakimbia kwake na ungo apate kunusa. Wei alikuwa mlangoni, eti amekuja kuazima ngazi. Mpaka nimalize kumuuliza ngazi gani, harufu ilikuwa imekwenda zake. Wei akanusa, akasema ni mchicha. Suyin akacheka. Nitalikumbuka hilo.

Jumanne, 23 Aprili

Chai imetoka chungu. Umande! Dawa yake ni makaa. Nimeibanika kwa moto mkali mpaka uchungu ukajificha. Chai ikishabanikwa hulazwa kwenye kopo miezi kadhaa, moto utoke ndani yake, ndipo harufu irudi. Mimi miezi sina. Nimeipepea dirishani kwa upepeo. Meizhu akasema, "Kaka, hiyo ni chai au mtoto mwenye homa?" Hana heshima huyu.

Alhamisi, 25 Aprili

Kwa Suyin, na kopo langu. Wei yupo, bila shaka. Binti pia yupo, amekuja kufungasha. Watu wanne na vikombe vitatu, kama ilivyo desturi, na adabu inataka mtu amwachie mwenzake. Nikamwachia Wei. Wei akaniachia. Nikamrudishia kwa msisitizo, chai ikammwagikia kwenye suruali. Akaenda kubadilisha. Sikukusudia. Sikukusudia hata kidogo. Binti akarudi kwenye masanduku.

Tukabaki wawili. Suyin akaionja, akaiweka kinywani muda mrefu. Akasema bado ina moto, inakwangua koo, lakini chini ya moto ule kuna kitu anakijua. Nilitaka kulia. Akamimina tena. Akauliza kama nina la kumwambia. Nikamweleza makaa ni ya mti gani. Akamimina tena. Nikamweleza habari za ungo. Hakubadilisha majani, akawa anamimina tu, mpaka yakabaki maji matupu. Kwetu hiyo ni ishara: mwenyeji amechoka, mgeni aende zake. Mimi adabu ninazo. Nikainuka, nikaaga. Yeye alibaki ameshika buli.

Jumamosi, 27 Aprili

Ameondoka asubuhi. Wei amemshusha mlimani na pikapu yake. Kopo langu amelichukua. Kamwachia Meizhu ujumbe: atalifungua mwezi wa tisa, moto ukishatoka.

Leo Meizhu hakunisema. Alinihurumia, jambo ambalo ni baya zaidi. Ati Suyin aliiacha chai ipauke kwa sababu hakutaka kuinuka kutafuta majani mapya kabla sijafungua mdomo. Ati alikuwa anangoja neno moja, "baki," nami nikamhubiria makaa.

Nimeshinda ukutani. Upande wa pili kimya. Nimejikuta namwita, kwa sauti ndogo, nikasikia aibu. Sijui nitakunywa chai na nani.

Halafu, jioni, nikalitambua kosa langu. Moto ulikuwa mdogo! Jumatatu nashuka Shantou na kopo jipya. Sitasema kitu, ataonja mwenyewe. Nimelijaza sasa hivi, moja kwa moja kutoka kwenye makaa. Bado halishikiki kwa joto.