Gawio Lirudishwe Mfukoni

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Saa moja kasoro robo asubuhi. Jua limepita kwenye tundu la bati na kutua begani kwangu. Duara la ukubwa wa kifuniko cha chupa. Nimelala nikilitazama likitembea hadi kwenye mto. Mwingine angeona paa bovu. Mimi naona mfanyakazi wangu amefika kazini mapema.

Ripoti ya mwaka ya Mfuko wa Nishati Safi imekuja. Pesa za watu elfu kumi na nane zimewekwa pamoja kwenye mitambo ya upepo na ya jua. Mimi ni mmoja wao. Thamani ya kila kipande cha Mfuko imepanda kwa asilimia saba. Gawio ni asilimia nne, litatoka Ijumaa. Jumla kumi na moja. Mke wangu hasikilizi asilimia, kwa hiyo nimempigia hesabu kwa mabati. Gawio letu ni mabati tisa. Paa linahitaji saba. Mawili yanayobaki ni kiti cha kuegemea, cha kukalia nikiutazama upepo.

Akiba ni yake, ya miaka mitatu. Alinikabidhi mwaka jana kwa sharti moja: gawio liezeke paa kabla ya mvua. Akasema nikishindwa, hatanikabidhi hata kapu la sokoni.

Sitashindwa. Fomu nilijaza mwenyewe. Ilikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza: gawio lipelekwe benki. Benki ya nini? Cha pili: gawio lirudishwe mfukoni. Nikatia tiki hapo. Kiswahili safi, maneno matatu. Aliyeandika fomu ile ni mtu wa lugha.

Hatari ya Mfuko: tano kati ya saba. Mke wangu ni mwalimu wa darasa la nne. Nilipomsomea namba hiyo mwaka jana, alisema si haba, umefaulu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kazini, kiwanda cha uchapaji. Mimi ni msomaji wa prufu: hakuna karatasi inayokwenda mtamboni kabla sijaisoma na kuisahihisha. Leo nilikuwa na kalenda ya chama cha wafugaji. Upepo mkali kuanzia saa nne. Karatasi zikaruka. Wote wakataka dirisha lifungwe. Nikakataa. Nikawaeleza kwamba upepo ule, kwa namna fulani, niko nao kazi moja.

Mkuu wetu tunamwita Nukta, kwa kuwa ni mfupi, ni mviringo, na akisema neno hakuna linalofuata. Alifunga dirisha mwenyewe.

Mchana niliota macho wazi. Kilima cha kijani, mapanga meupe ya mitambo ya upepo yakizunguka polepole, bila sauti, na kila mzunguko bati moja likishuka kutoka mawinguni kama unyoya. Yakajipanga yenyewe juu ya nyumba. Kalenda imetoka na Februari mbili.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Shemeji amekuja. Kaka mkubwa wa mke wangu, fundi wa paa, mtu asiye na ndoto hata akiwa usingizini. Alilala chali kitandani kwetu, na viatu vyake, akalitazama tundu. Akasema atalikarabati bure, nitoe bei ya mabati tu. Nikamjibu kwa upole kwamba gawio langu linatoka kesho na siombi hisani. Akacheka. Akasema shemeji, jua tayari linakufuata mpaka kitandani, gawio gani tena unalolitaka?

Kisha akaichukua ripoti, na mimi nilikuwa nimeiacha wazi kwa makusudi, aone picha. Akaona namba. Akamwita dada yake na kumwambia tano kati ya saba si alama ya mtihani, ni kiwango cha hatari, na saba ndiyo mbaya kuliko zote.

Mke wangu alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili jibu la jirani na kukosea. Akauliza kama nilijua. Nikasema nilijua kwa jumla. Akasema basi tutaona kesho kwa rejareja.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Saa tatu, hakuna ujumbe wa gawio. Saa tano, simu imelia. Ni kampuni ya simu, inanitakia siku njema. Saa nane nimekagua mifuko yote, ya suruali na ya koti. Vifungo viwili na tiketi ya sinema. Saa kumi, mawingu upande wa mashariki, rangi ya risasi. Mke wangu ameyaona pia. Ametoa mabeseni stoo.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimekwenda ofisi za Mfuko. Zulia laini, kiyoyozi, picha ya bahari ya paneli za jua. Ningeweza kuishi pale. Dada wa kaunta alifungua kompyuta na kusema gawio limelipwa tangu Ijumaa, limerudi mfukoni kama nilivyoagiza. Nikasema mfukoni hamna kitu. Akauliza mfuko gani, baba. Nikamwonyesha: wa kushoto, wenye zipu.

Akavumilia. Akaeleza kwamba mfuko ni Mfuko. Gawio langu limenunua vipande vingine mia na sitini na nane. Na kwa kuwa robo hii ya mwaka upepo umekuwa mdogo, bei ya kipande imeshuka kwa asilimia tatu. Nikiviuza leo, pesa zitafika baada ya siku kumi za kazi. Nikasema viuzwe.

Halafu nikapandisha sauti. Nikadai kujua ni mjinga gani aliyeandika mfukoni mahali pa kwenye Mfuko. Akasema wao waliandika kwenye Mfuko, kwa herufi kubwa. Mtu wa kiwanda cha uchapaji ndiye aliyebadilisha. Mimi ni wa arobaini na moja kulalamika. Akageuza fomu, akaniwekea kidole chini kabisa, kwenye yale maandishi madogo. Namba ya kazi. Msomaji: 2.

Kiwandani tulikuwa wasomaji wawili. Msomaji 1 alistaafu miaka minne iliyopita.

Nimemwambia nitalifuatilia suala hilo.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Saa kumi na dakika ishirini, mvua. Tone la kwanza limetua palepale jua linapotua. Nimeweka beseni. Mlio mzuri, kama saa ya mtu asiye na haraka.

Nilimweleza mke wangu yote, isipokuwa yale ya chini kabisa. Aliomba nakala ya fomu. Akaisoma mpaka chini kabisa. Akachukua kalamu nyekundu, akalizungushia neno mfukoni duara, na pembeni akaandika: Rudia. Akaongeza kwamba kuanzia kesho vipande vyote viwe kwa jina lake. Hakupaza sauti hata kidogo. Akampigia kaka yake.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Shemeji yuko juu ya paa na mabati saba, ya mkopo mpaka pesa za vipande zifike. Ameuliza, kwa sauti iliyofika mwisho wa mtaa, kama gawio langu limeshashuka au alifuate hukohuko juu. Jirani amecheka mpaka akakaa chini. Mimi nilishikilia ngazi. Kapu la sokoni limetundikwa ndani kabisa ya jiko, nyuma ya mke wangu.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Chumba kikavu. Giza kabisa. Mfanyakazi wangu hana tena pa kuingilia. Nimechelewa kuamka kwa dakika hamsini.

Kazini, Nukta alinisubiri na barua ya Mfuko. Malalamiko sasa ni sitini na tatu. Fomu inachapwa upya, nakala elfu ishirini. Akasema nilirekebishe lile neno kabla ya adhuhuri, nisipoweza nitafute kiti kwingine.

Wameandika tena: gawio lirudishwe kwenye Mfuko. Nimekaa nayo saa nzima. Ni sahihi. Lakini ni nzito, haina pumzi. Nikatazama nje. Mawingu yamepasuka, upepo unapeperusha shuka za watu. Nikajiuliza: gawio limezaliwa wapi? Ndani ya Mfuko. Pale ndipo kwao. Neno likaja lenyewe, jepesi, kama bati la ndotoni.

Gawio libaki nyumbani.

Hakuna wa kulikosea hilo. Nimetia sahihi saa sita kasoro dakika tano, na mtambo umeanza kuunguruma. Nakala ya kwanza, bado ya moto, nimeileta. Mke wangu anatakiwa kujaza mpya kwa jina lake. Nimemwekea mezani, karibu na kalamu nyekundu, aione mara tu atakaporudi kutoka shuleni.