Kikaango Kutoka Ng'ambo

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamua. Mke wangu atapata simu mpya, na haitatoka dukani kwa kaka yake. Nimevumilia miaka tisa! Shemeji yangu ana duka la simu mtaa wa pili, lenye milango ya vioo na kiti cha kuzunguka, na kila nikipita ananiita "mtu wa mafaili" mbele ya wateja. Ni kweli mimi ni karani wa masjala. Lakini bila masjala idara nzima ingepotea kwenye karatasi zake.

Nimeiona simu ileile kwenye duka la mtandaoni la ng'ambo. Nusu ya bei ya shemeji. Nusu! Mke wangu akasema kaka yake angempunguzia, tena angempa waranti ya mwaka mzima. Nikamwambia waranti ni ya watu wenye wasiwasi.

Jumatano, 5 Machi

Fedha hazikutosha. Kidogo tu. Nimeuza simu ya zamani ya mke wangu kwa kinyozi wa kona. Nimetoa laini na kuitia kwenye kitochi kimoja cha vitufe kilichokuwa kabatini. Nikamweleza mke wangu kwamba simu yake iko kwa fundi. Si uongo. Kinyozi naye ni fundi.

Mke wangu ni fundi cherehani, na wateja humtumia picha za mishono. Akauliza sasa ataonaje picha kwenye hicho kitochi. Nikamkumbusha kwamba mafundi wa zamani walishona vizuri tu bila picha. Alikuwa na pini tano mdomoni, na zote zilinielekea mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Duka la ng'ambo halitumi mizigo huku kwetu. Shida hiyo ingemzuia mtu wa kawaida. Mimi nimempata wakala wa mizigo, mzee wa miwani mwenye ofisi nyuma ya saluni. Simu inapelekwa kwenye ghala lake la huko, kisha inapanda ndege.

Akanipa fomu. Palikuwa na mahali pa kujaza aina ya bidhaa. Nikamuuliza kama simu hutozwa ushuru. Akasema hutozwa, ila si wa kutisha, na akanishauri niandike ukweli. Nikacheka kwa huruma. Mzee mzima, miaka yote kwenye biashara, na bado hajachangamka! Nikaandika: "Kikaango kidogo, kimoja." Wakala akashusha miwani, akanitazama, akauliza kama nina hakika. Nikasaini kwa mbwembwe, na mkia wa saini ukafika mpaka kwenye fomu ya mtu mwingine.

Jumapili, 16 Machi

Shemeji kaja kula mchana. Akauliza simu ya dada yake imekwama kwa fundi gani, maana mafundi wote wa mjini anawajua. Nikapaliwa. Nikasema ni fundi asiyependa kutajwa. Akasema basi huyo si fundi, ni mchawi. Mke wangu akacheka. Akacheka sana, kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Sikujali. Namba yangu ya mzigo naifuatilia kazini kila nusu saa. "Uko njiani." Maneno matamu kuliko yote niliyowahi kusoma.

Jumanne, 25 Machi

Kikaango kimefika! Lakini forodha wamekizuia. Wanasema chombo chochote cha kupikia lazima kiwe na cheti kwamba hakina madhara kwa chakula.

Nimetulia. Mtu wa mafaili haogopi karatasi. Nimechapa cheti mwenyewe kazini: "Kikaango tajwa kimepimwa kwa mayai na kuonekana salama." Kilikosa mhuri tu. Mhuri niliokuwa nao unasema IMEPOKELEWA. Nikaugonga mara mbili, kwa uzito.

Alhamisi, 27 Machi

Sijui nianzie wapi.

Afisa forodha ni mama mmoja mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Alikisoma cheti changu mpaka mwisho. Akakisoma tena. Kisha akachukua kisu na kufungua boksi mbele yangu, na foleni nzima ikasogea kutazama. Akaitoa simu, akaigeuza huku na huku.

"Samahani kaka," akasema, "hiki kikaango kinachajiwa wapi?"

Foleni ilicheka. Mlinzi alicheka mpaka akavua kofia. Nikajitetea kwamba huenda dukani wamekosea, wakafunga kitu kingine. Yule mama akanionyesha risiti iliyokuwa ndani ya boksi, yenye jina langu na neno "simu" limeandikwa mara tatu. Akanieleza taratibu kwamba ushuru wa simu ungekuwa mdogo tu. Faini ya kudanganya, pamoja na ile ya kughushi cheti, si ndogo. Nimeilipa. Ile nusu ya bei niliyookoa imekwenda, na imeondoka na nyingine. Lakini simu ninayo! Nitaikabidhi Jumatatu, nikishapata karatasi ya zawadi, kwa heshima zote.

Ijumaa, 28 Machi

Mambo yameharibika.

Saa tisa alasiri nyumbani kwetu ameingia mwalimu wa kwaya ya shule, amekuja kuchukua majoho kumi na mawili. Mke wangu akauliza majoho gani. Mwalimu akasema yale aliyotuma picha zake wiki mbili zilizopita, na vipimo, na akaahidiwa kuwa yatakuwa tayari leo. Akatoa simu yake na kutuonyesha. Kweli, picha zimetumwa kwa mke wangu. Chini yake limeandikwa jibu: "Bila shaka." Na jingine: "Rangi nzuri."

Laini niliitoa. Akaunti yake ya kupokea picha kwa mtandao nilisahau kuifunga. Ilibaki ndani ya simu, na simu ilibaki kwa kinyozi, na kinyozi ni mtu wa adabu, hawezi kumwacha mwalimu bila jibu.

Mke wangu alinitazama. Akauliza neno moja tu: "Nani?"

Nikasema. Nilitaja na bei. Sijui kwa nini nilitaja bei.

Hakupiga kelele. Alimwomba mwalimu wiki moja, kwa sababu mashindano ni Jumamosi ijayo, na mwalimu akakubali huku machozi yakimlenga. Kisha mke wangu akatoka na daftari lake hadi kwa kinyozi, akaketi kwenye kiti cha kunyolea, akachora majoho yote kutoka kwenye simu iliyokuwa yake. Kinyozi alimwomba msamaha na kumpa soda. Mimi hakunipa mtu soda.

Jumatatu, 31 Machi

Nimemkabidhi simu. Ilikuwa inang'aa. Mke wangu hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani, akaniambia niiwashe. Nikaiwasha. Haisomi laini! Nikaipangusa, nikaitikisa, nikaiombea.

Ikabidi. Nimekwenda kwenye milango ya vioo. Shemeji akazunguka kwenye kiti chake mara moja, polepole, akaitazama simu na kusema imefungwa na kampuni ya huko, haitakubali laini yoyote ya kwetu. Nikauliza inafaa kwa nini basi. Akafikiri kwa dhati.

"Shemeji," akasema, "ina kioo kizuri. Unaweza kunyolea ndevu."

Akainunua kwa ajili ya vipuri. Bei aliyonipa siiandiki humu.

Jumamosi, 5 Aprili

Majoho yalimalizika jana. Dada wawili wa mke wangu walikuja kumsaidia, wakakata na kushona siku nne, nami nikakabidhiwa kazi ya kushikia vifungo. Kwaya imetoka ya pili. Mwalimu ameagiza mengine thelathini na kulipa yote papo hapo kwa pesa za simu. Mke wangu akaenda moja kwa moja kwa kaka yake, akarudi na simu mpya. Punguzo, waranti, na kava ya bure. Ameanza kunisemesha tena. Kidogo, na hasa kuhusu taka.

Jumapili, 6 Aprili

Nimetafakari sana. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la bidhaa yenyewe. Simu ni kitu chenye matatizo, kina laini, kina kampuni. Cherehani haina laini!

Asubuhi nilimwomba mke wangu simu yake niangalie matokeo ya mpira. Na nilikuta nini kwenye lile duka la ng'ambo? Cherehani ya kudarizi, ya umeme, maua ishirini na nne, nusu ya bei. Nusu! Kwa majoho thelathini, hicho ndicho anachohitaji. Namba yake ya siri ya pesa za simu naijua, ni tarehe ya harusi yetu. Nimelipa, nikairudisha simu mezani kwake, na sikusema kitu. Nataka imshtue kwa furaha.

Sasa hivi cherehani yake imenyamaza ghafla. Simu imelia, ule mlio wa ujumbe kuingia. Ananiita kutoka chumba cha pili, tena kwa majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa.

Ngoja niende nikashukuriwe.