Uzinduzi wa Uwanja wa Chachu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Makamu wangu. Waheshimiwa wenyeviti wa kamati, wa kamati ndogo, na wa kamati ya kuchunguza kamati. Viongozi wa dini zote. Wazee wetu mliobahatika kupata viti, nanyi mliobahatika kupata afya ya kusimama. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Kabla sijaanza kuanza, niruhusuni niiweke projekti hii ya uwanja mpya ndani ya fremuweki yake ya kihistoria. Klabu yetu ya Chachu haikuanzishwa ofisini, na hilo ni kosa tunaloendelea kulirekebisha. Ilianzishwa na waokaji wa kiwanda cha mikate, watu ambao wakitoka zamu ya alfajiri wana unga kwenye nyusi na nguvu zisizo na kazi, wakawa wanapiga mpira uani nyuma ya kiwanda, magunia matupu yakiwa ndiyo magoli. Wakajiita Chachu. Walisema, sisi ni kidogo tu, lakini tukitiwa mahali, patafura. (Makofi, vigelegele.)

Nani hapa hakumbuki fainali ya mkoa? Golikipa alikuwa mwokaji tuliyemwita Komeo, yule mzee pale mwenye kofia. Simama, mzee wangu, watu wakuone. Haya, kaa, muda hautoshi. Asubuhi ya fainali trei ya moto ilimbabua viganja vyote viwili. Mkewe, ambaye mpaka leo anafua jezi za timu na wote tunamwita Mama Jezi, akamfunga vitambaa huku akilia: “Baba, mikono hii hata kijiko haishiki, itashika mpira?” Komeo akamjibu: “Usijali, mke wangu. Mpira hautoki tanurini.” (Kicheko.)

Akaenda. Wapinzani walishuka kwenye basi lao wenyewe, viatu vinang’aa. Wetu walikuja kwa miguu. Tukapata bao la mapema, tukalishikilia kwa meno, na mwishoni kabisa refa akawapa wageni penalti. Mshambuliaji akapiga, Komeo akaruka, akautoa mpira kwa viganja vile vile vilivyobabuka. Watu wakamvamia, wakambeba juu, naye akipiga kelele, “Nibebeni, lakini msinishike mikono!” (Makofi marefu. Komeo anainamisha uso. Mama Jezi anajifuta macho.)

Nami nilikuwepo, ndugu zangu. Nilikuwa karani kijana, nje ya uzio, nikilinda gari la bosi. Mshambuliaji alipoanza kukimbia, nikapiga honi. Wataalamu wa takwimu ofisini kwangu, niliowateua mwenyewe, wamethibitisha kuwa honi ile ilichangia asilimia arobaini ya ushindi. (Makofi kutoka meza kuu.)

Kiwanda kilipofungwa, ule uwanja wa uani ulikabidhiwa ofisi yangu tuuangalie. Tukauangalia. Tukaona unafaa maegesho ya magari. (Sauti: “Ulikuwa wetu!”) Ulikuwa wetu sote, na magari nayo ni ya umma. Tangu hapo Chachu hucheza ugenini kila wiki, sera ambayo mimi huiita diplomasia ya michezo, na matokeo mnayaona: hakuna klabu nyingine mkoani inayoweza kusimama na kusema kuwa miaka yote hii haijafungwa nyumbani hata mara moja! (Kicheko kikubwa. Mheshimiwa anapunga mkono.)

Naam, Mama Jezi, umenyoosha mkono.

(Mama Jezi: “Mheshimiwa, chama cha mpira kimesema Jumamosi tusipokuwa na uwanja tunafutwa kwenye ligi. Sasa Jumamosi tunacheza wapi?”)

Swali zuri sana, mama yangu, ndiyo maana silijibu kwa pupa. Kwa mujibu wa stratejia, uwanja huu ninaouzindua leo una majukwaa ya watu elfu kumi na mbili, taa nne ndefu, na nyasi ambazo hazijakanyagwa na mguu wa binadamu.

(Komeo: “Mlango wake uko wapi?”)

Mzee wangu, mlango ni awamu ya pili.

(Komeo anacheka mpaka anakohoa. Anamwambia mkewe, “Twende, mama, hapa tutazeekea.” Wanainuka. Wachezaji wanawafuata, kisha safu za nyuma zote, kuelekea yale maegesho ya uani. Punde zinasikika sauti: “Sukuma! Moja, mbili, sukuma!”)

Ndugu wananchi! Hilo gari jeusi ni langu! Dereva, mbona umekaa? (Dereva: “Funguo nimewapa, Mheshimiwa. Wamesema wanaliweka kivulini.”)

Basi, kwa ninyi stekiholda mliobaki, nikisema Chachu, mseme Juu! Chachu! (Kimya.) Maendeleo! (Mwenyekiti wa kamati ndogo anapiga makofi, anajikuta peke yake, anaacha.)

Mwisho, nawashukuru wote waliofanikisha siku hii, hususan mchoraji wetu, aliyejitolea usiku na mchana kwenye turubai hili nyuma yangu. Majukwaa kachora, taa kachora, hata mashabiki kawajaza. Mnaotaka picha ya kumbukumbu, karibuni mbele kwa utaratibu, ila tafadhalini sana, msiuegemee uwanja. Rangi haijakauka.