Jiko la Pili

Jumapili, 6 Julai

Nina mume! Naandika tena kwa sababu napenda neno lenyewe linavyokaa kwenye karatasi. Mume. Wangu. Leo asubuhi amepiga chafya, nikaona hata chafya yake ina adabu.

Tatizo ni moja tu. Baridi. Chumba chetu kiko ghorofa ya juu, pembeni kabisa, kinapigwa na upepo pande mbili, na dirisha letu halijawahi kuelewana na fremu yake. Mafuta ya nywele yameganda kama mshumaa. Mimi sikujali. Baridi ya watu wawili si baridi, ni kisingizio.

Lakini leo mama mkwe alikuja kututazama. Alikaa na koti, akanywa chai na koti, akaaga na koti. Mlangoni akasema hawezi kulala kwake kwenye joto wakati mwanawe anaganda huku kama samaki. Atarudi Jumamosi. Atavua koti, atakaa, atakunywa chai. Akilitamani koti lake kabla kikombe hakijaisha, tunafunga virago na kuhamia kwake mpaka baridi ipite.

Nikasema, kwa upole wa bibi harusi, ni sawa mama. Kisha nikaikumbuka nyumba yake. Mume wangu atalala na wadogo zake wa kiume. Mimi nitalala na wifi.

Wifi anasaga meno usingizini. Anasema mwenyewe, tena kwa fahari.

Julai yote! Agosti yote! Mume wangu upande ule wa ukuta na mimi upande huu, nikisikiliza kinu cha meno! Nimemtazama akisuuza vikombe, mikono imeiva kwa maji baridi, anaimba vibaya. Nimeapa moyoni. Hatutoki humu.

Jumatatu, 7 Julai

Mpango wa kwanza: kucheza. Baiolojia ya sekondari haikupotea bure. Misuli ikifanya kazi, mwili unatoa joto, na joto la miili miwili litakipasha chumba. Ni hesabu.

Mume wangu ni mwokaji. Anaondoka alfajiri na kurudi mchana akinukia mkate. (Kuna wanawake wameolewa na watu wanaonukia dizeli. Nawaombea.) Aliporudi tu nikafungua redio, nikamshika mikono. Tulicheza! Tulirukaruka! Kioo cha dirisha kilipata jasho kabla yetu.

Seremala mwenye karakana chini yetu alipanda ngazi akiwa na chokaa ya dari yake kwenye kofia, na kipande kingine cha chokaa ndani ya kikombe cha chai. Aliuliza kistaarabu kama tunahamisha makabati. Nikamwambia tunapasha miili. Akasema na yeye alioa, na alikuwa na furaha vilevile, ila alipanga chumba cha chini.

Jumanne, 8 Julai

Mpango wa pili, jana usiku: chupa za maji ya moto chini ya blanketi. Nilizipanga kuzunguka kitanda kama walinzi. Moja ilikuwa na kifuniko cha chupa nyingine. Sitaandika zaidi. Mume wangu aliamka akiwa ameloa, akaniambia kwa huruma kwamba mambo haya humpata mtu yeyote na hatamwambia mama yake. Nimechoka kumweleza kwamba ni chupa. Anatikisa kichwa tu na kunipapasa bega. Mume mwema hivyo utampata wapi?

Jumatano, 9 Julai

Nimepata ufumbuzi. Upepo unapita chini ya mlango! Mimi ni fundi cherehani, vipande vya vitambaa ninavyo mpaka uvunguni. Nilishona mfuko mrefu kama mkono wa shati la jitu, nikashuka kwa seremala kumwomba radhi na pumba za mbao kwa safari moja. Akasema nichukue gunia zima, mradi niahidi kwamba kuanzia sasa tutacheza tukiwa tumekaa.

Nilijaza pumba, nikaziba mwisho, nikaulaza mlangoni. Satini ya kijani, imebaki kwenye gauni la mteja. Na kwa kuwa napenda sanaa, nikaushonea vifungo viwili vyeusi. Macho. Na utepe mwekundu. Ulimi.

Ndipo wifi akaja kupeleleza. Alisukuma mlango, akatazama chini, na kitu kilichofuata nilichokiona ni wifi amesimama juu ya kitanda changu na viatu, akiwataja marehemu wote wa ukoo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kosa kubwa. Aliposhuka alikuwa adui kamili. Alikaa katikati ya chumba, akaniangalia, akapumua kwa makusudi. Mvuke mweupe ukamtoka mdomoni kama treni. Haa. Akangoja. Haa. Nikasema ni mvuke wa chai. Akasema chai yenyewe ndiyo kwanza naitafutia kiberiti.

Akaniambia godoro lake ni pana, nisiwe na wasiwasi, upande wa ukutani nimeshawekewa.

Alhamisi, 10 Julai

Nimelala kidogo, nimefikiri sana. Dirisha nimeliziba kwa vitambaa. Mlango una nyoka. Kinachokosekana ni moto wenyewe! Tuna jiko dogo la gesi tu, linachemsha chai na kuchoka. Lakini kwa mama mkwe, kwenye kona ya ghala, kuna jiko la chuma la kuni, lenye bomba la kutolea moshi nje. Tangu anunue hita ya umeme halina kazi. Lile tukilipata, tumeshinda.

Hapo sasa ndipo akili inapohitajika. Nikimwambia waziwazi nataka jiko la kupasha chumba, nimekiri kwamba chumba ni baridi. Nimejifunga bao. Kwa hiyo nimempigia simu nikaongea kwa mafumbo, kwa heshima, kama watu waliosoma.

Nilimwambia: mama, mwanao ni mtu mzima sasa, jiko moja halimtoshi.

Nikasikia kikombe chake kinagonga sahani. Nikajua nimemgusa. Nikaendelea. Nikasema najua hapo kwake kuna moja limekaa tu kwenye kona, miaka inapita, halina mwenyewe, limeanza kushika kutu. Ni huruma. Ajaribu kutuletea. Mimi nitalipokea kwa mikono miwili na kulisugua mpaka ling'ae.

Aliuliza kwa sauti ndogo kama mwanawe ndiye aliyetaka. Nikasema hapana, hata hajui, ni zawadi yangu kwake, asimwambie.

Akauliza hilo jiko la pili litalala wapi, na chumba ni kimoja.

Nikacheka. Nikasema hapohapo mama, miguuni mwa kitanda, ndiyo raha yenyewe.

Akasema lahaula. Simu ikakatika. Mtandao wa siku hizi!

Nina furaha mpaka nimepiga makofi peke yangu.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeshona shuka la viraka la kuning'iniza ukutani, rangi zote duniani. Mume wangu amesema ni kama kulala ndani ya bustani. Nikalia kidogo. Nimempenda upya kuanzia hapo.

Jioni alipata ujumbe kutoka kwa mama yake. Kesho ukitoka kazini rudi chumbani kwenu moja kwa moja, tutakuwa hapo, tuna maneno na wewe, shangazi yako atakuwepo. Amekunja uso. Anasema tangu azaliwe mama yake hajawahi kumwandikia bila kuuliza amekula nini. Nikamwambia atulie, labda ni habari njema, na nikamkonyeza. Amezidi kukunja uso.

Shangazi ni wa nini? Labda wa kusaidia kubeba. Jiko lile ni zito.

Jumamosi, 12 Julai

Hawakuja na jiko.

Walikuja mama mkwe, shangazi na wifi, wote wamefunga vilemba kama wanakwenda msibani. Mama mkwe alinikumbatia muda mrefu na kuniita mwanangu maskini. Shangazi hakunikumbatia. Nikawapa viti viwili na kitanda, nikachungulia ngazini kama kuna mtu anabeba chuma. Hakuna. Nikafunga mlango, nikalaza nyoka, nikaweka chai. Wifi akahamia mbali na nyoka bila kumtazama.

Mume wangu akaingia na mikate ya moto kwapani. Mama mkwe akamwambia aketi chini. Akakaa. Akamuuliza ni kitu gani mke wake amekosa. Akasema hakuna, mama. Akamuuliza mbona hata mwezi haujaisha, pilau halijapoa, yeye tayari macho juu juu. Mume wangu akaniangalia. Mimi nikatazama mikate.

Ndipo shangazi akasimama. Ni mama mpole siku nyingine zote.

"Nataka nimwone," akasema, "aliyesema binti yangu ameshika kutu."

Binti yake! Yule binamu mkubwa wa mume wangu, anayekaa kwa mama mkwe, ambaye bado hajaolewa! Anayeshinda kwenye kiti chake kwenye kona, akifuma masweta!

Nikakumbuka. Siku ya harusi kila aliyempa mume wangu mkono alimpongeza kwa kupata jiko. Jiko lenyewe mimi! Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nimempigia mama yake simu kumwombea la pili. La kulala miguuni mwa kitanda.

Nikasema ni la chuma. Hakuna aliyeelewa. Wifi akasema sasa namtukana binamu zaidi. Nikapiga magoti nikasema mama, jiko, lile jiko, la kuni, lina bomba, liko ghalani nyuma ya ngazi, nilikuwa naomba jiko la moto, tuote! Nikasema yote. Kwamba chumba kina baridi. Kwamba nilificha. Kwamba sitaki kuhamia kwake, si kwa dharau, ila nimeolewa juzi tu na nikilala mbali na mtoto wake nitakauka kama kitambaa kwenye kamba.

Mume wangu alijificha uso nyuma ya mkate.

Aliyeanza kucheka ni shangazi. Kicheko kikaanzia tumboni, kikapanda. Akasema: lina bomba. Mama mkwe akaangukia kitandani. Wifi akajikaza, akashindwa, akapaliwa na mkate. Watu watano ndani ya chumba kidogo kilichozibwa kila tundu, mikate ya moto, birika linafuka, wote wanacheka na kupigana makofi ya mapaja! Mama mkwe akafuta machozi, akajipepea kwa kilemba, akasema uuh, humu ndani kuna joto jamani.

Akavua koti.

Nikamwona amevua. Mume wangu akamwona amevua. Hakuna aliyepumua. Akanywa chai yote, akaomba kikombe kingine, koti liko sakafuni. Tumeshinda! Mafumbo yamefanya kazi! Si kwa njia niliyopanga, lakini njia ni njia.

Jumapili, 13 Julai

Jiko limekuja! Mama mkwe amelileta mwenyewe kwa mkokoteni, na seremala amepitisha bomba lake kwenye kioo cha juu cha dirisha. Tumewasha. Ee Mungu. Kuta zinatoa harufu ya jua. Nilivua soksi! Mume wangu alivua sweta nikaona aibu mbele ya mama yake.

Mama mkwe alisogeza kiti karibu, akanyoosha miguu, akafumba macho. Akasema hita yake ya umeme ni uongo mtupu, inapasha goti moja. Akasema tangu marehemu mume wake aondoke hajasikia joto la namna hii. Nikamwambia akae tu mama, hapa ni kwako.

Akakubali.

Yaani amekubali. Ametuma kapu lake liletwe. Anasema atakaa mpaka baridi ipite. Analala kitandani, upande wa jiko. Mimi niko upande wa ukutani. Mume wangu yuko mlangoni, sakafuni, amemkumbatia nyoka.

Ananitazama kutoka kule chini. Namtazama kutoka huku juu. Kati yetu kuna mama yake, na anakoroma kwa raha.

Jumatatu, 14 Julai

Sikukata tamaa. Mwanamke mwerevu hamfukuzi mama mkwe, anamwacha ajiongeze na kuondoka mwenyewe. Nimewaza asubuhi yote nikishona kola, na nimepata maneno mazuri, laini, yasiyomuumiza mtu. Mafumbo tena! Safari hii nimeyachuja. Hamna jiko hata moja ndani yake.

Mume wangu alipokuwa kazini, nilikaa karibu na mama, nikainamisha macho. Nikamwambia nina jambo. Hapa kwetu tunatarajia mgeni.

Si uongo kabisa. Rafiki yangu wa shule aliwahi kusema iko siku atapita.

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Akauliza kama mwanawe anajua. Nikasema bado, nataka nimwambie mwenyewe kwa wakati wake. Akauliza ni lini. Nikasema si leo wala kesho, wageni hawa huja wakipenda, ila ni vizuri chumba kiwe tayari mapema, maana mgeni akifika atataka nafasi. Nilisisitiza hapo. Nafasi.

Amenielewa mara moja! Alinikumbatia. Alilia! Kumbe ni mama mwenye moyo mwepesi namna hii, kumwambia tu kistaarabu. Amenikataza hata kunyanyua birika, amenikalisha karibu na moto, amenifunika miguu kwa koti lake.

Sasa hivi yuko ngazini anaongea na wifi kwenye simu. Anamwambia amletee nguo zake zote, asiache hata moja. Naona anataka kuchagua nzuri ya kuondokea.