Volti Kumi na Mbili za Bernadina

Runzewe, Jumatatu, 2 Septemba 1996

Bernadina,

Leo nimeazima mita ya Hozefa ya kupimia volti. Amenikabidhi kama anayekabidhi mtoto mchanga. Nimepima waya wote, kuanzia dukani kwake, zilipo paneli mbili za sola na betri zake, hadi kwetu. Dukani volti kumi na mbili na nusu. Kwa Mama Eunice kumi na mbili. Kwa Mabula kumi na moja. Kwetu, nyumba ya mwisho, tisa! Umeme unafika hapa umechoka, kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Kahama.

Ndiyo maana kwenye redio kaseti kanda inazunguka polepole, unaongea kama mzee mwenye mafua. Kanda ni ileile uliyonirekodia nilipokuwa machimboni Geita. Maneno nayajua yote. Ninachotaka ni sauti yako, ile yenyewe, hata mara moja. Mwaka wa pili huu tangu tukuzike, na nimeanza kuisahau.

Jumanne, 3 Septemba

Saa saba mchana. Jua kali, betri za Hozefa zimejaa, hakuna anayetumia kitu. Volti kumi na tano! Nikaweka kanda haraka. Ukatoka kama kifaranga. Ukamaliza yote kabla chai yangu haijapoa. Nikacheka, halafu nikaacha kucheka.

Kwa hiyo kati ya tisa na kumi na tano upo wewe. Nimekaa na mita mpaka alasiri. Mshale ukaanza kushuka. Kumi na nne. Kumi na tatu. Mabula akafungulia muziki wake. Tisa.

Jumatano, 4 Septemba

Mpango. Nimemwendea Mabula, nikamweleza kwa upole kwamba muziki mkubwa huwazuia kuku kutaga. Akashtuka. Akashukuru sana. Akawahamishia kuku wake wote uani kwetu. Kumi na mmoja, na jogoo.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimerudi kutoka Nyasubi na betri ya gari, imejaa chaji. Nimeifunga mwisho wa waya, hapa kwetu, ituinulie volti. Zikapanda! Kumi na mbili kamili. Nikakimbilia ndani kuchukua kanda. Nilipotoka, zimeshuka hadi kumi. Umeme wangu ulikuwa unarudi kinyumenyume kwa Mabula, na muziki wake unasikika mpaka sokoni. Jioni akaja kuniamkia, shikamoo mzee, akasema siku hizi Hozefa anajitahidi kweli.

Nimeitikia marahaba.

Jumapili, 8 Septemba

Nimerudisha mita. Hozefa akauliza nilikuwa natafuta nini wiki nzima na kifaa chake. Nikamwambia. Akaipangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi.

"Baba Esta, si ulete redio hapa?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nafikiria waya.

Saa kumi alasiri, juu ya kaunta, kati ya sabuni na viberiti, ukaongea. Wewe, Bernadina. Na ile pumzi unayoivuta kabla ya kuniita, ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Mama Eunice alikuwa anapimiwa chumvi. Akamwashiria Hozefa asubiri.

"Baba Esta," ukasema, "hiyo mipango yako iache. Njoo nyumbani tu, tukae."

Nje baiskeli zilikuwa zinapita. Mama Eunice akajifuta macho kwa upindo wa kanga, kisha akaniambia kumbe nilionywa mapema. Hozefa akasema kiti kipo, nije kila Jumapili saa kumi, wala nisijisumbue tena na volti.

Nimewashukuru wote wawili. Nimerudi nyumbani taratibu, redio kifuani, nisiimwage ile sauti.

Jumatatu, 9 Septemba

Hozefa ni mtu mwema, lakini hakusikiliza vizuri. Ulisema nyumbani. Hukusema dukani.

Kwa hiyo hivi: waya mnene, kutoka dukani mpaka kwetu. Na paneli moja igeuzwe ielekee magharibi, ishike jua la jioni. Hozefa bado hajui. Kesho atakwenda Mwadui kutwa nzima, na ngazi nimeshaahidiwa. Safari hii mpango hauwezi kuharibika.

Utaongea humuhumu ndani, karibu na dirisha, palepale ulipopenda kukaa ukichambua mchele.

Huko uliko, mke wangu, nikumbuke.