Mimi, Ndelilio, na Petroli ya Chini

Jumatatu, 5 Februari 1934

Leo nimeishika ndege. Kwa mkono huu huu unaoshika penseli. Ngozi yake ni kitambaa kilichopakwa dawa kikakakamaa kama ngoma. Mabawa mawili juu, mawili chini. Nimeizunguka mara tatu. Nimeinusa. Jamani! Aliyeitengeneza ni fundi, na mimi neno hilo siwapi watu ovyo.

Aliyenifuata huku Old Moshi ni Mikidadi, fundi mitambo wa Bwana Miwani, yule Mzungu wa shamba la kahawa kule tambarare, mwenye ndege. Mikidadi ni mtu wa mjini, Mwislamu, maneno mengi, lakini shikamoo anatoa. Akasema Bwana anatafuta fundi bati hodari kuliko wote. Nikamwambia umefika, usiulize nyumba ya pili.

Shida ni hii. Tangi liko juu, katikati ya mabawa. Linabeba debe tano kasoro kidogo. Lakini ndege ikiinua pua kupanda, petroli inakimbilia nyuma. Mdomo wa bomba uko mbele, unabaki mkavu. Injini inakohoa. Mikidadi akatumbukiza kijiti, akanionyesha: imo! Karibu nusu debe. Imo na haitumiki. Nikauliza, basi ya nani? Maana kwetu hata mbege, pombe yetu ya ndizi, ile ya chini ya chungu ina mwenyewe. Akacheka mpaka akachuchumaa. Akasema hii ya chini ni ya shetani, babu.

Bwana Miwani anataka kupita katikati ya Kibo na Mawenzi, atokeze upande wa Rombo, azunguke arudi. Petroli haimfikishi. Ametoa neno: fundi atakayemtolea petroli ya chini atakaa kiti cha mbele siku hiyo. Viti ni viwili tu, na Bwana huendesha akiwa kile cha nyuma.

Kiti cha mbele! Efraimu, jirani yangu, rika langu, alikanyaga theluji ya Kibo enzi za Mjerumani, akiwabebea Wazungu mizigo. Tangu siku hiyo, kila penye mbege anaanza: mimi niliyekanyaga Kibo. Na watu wananyamaza! Mimi niliyeziba mapaa ya nusu ya Moshi naambiwa sogea Ndelilio, mpishe mwenzio akae. Sasa nikiiona Kibo kutoka angani, nani atasogea? Nalitaka hilo kabla sijafa. Jingine sitaki.

Jumanne, 6 Februari

Nimefikiri kutwa. Kichwa kinauma kwa akili.

Nilitia maji kwenye debe tupu, nikaliinamisha juu ya jiwe. Maji yakakaa kona ya nyuma. Nikayatazama. Yakanitazama. Yuditha, mke wangu, akapita na kibuyu cha maziwa, akasema kwa nini usitoboe hapo hapo yanapokaa? Nikamwambia asiingilie mambo ya mitambo.

Baada ya chakula nikagundua mwenyewe: kutoboa hapo hapo yanapokaa! Na chini ya tundu kulehemu kikombe kidogo cha bati, petroli ya mwisho yote iangukie humo, na bomba linyonye humo. Akili hii nimezaliwa nayo. Yuditha alikohoa kidogo, nadhani ni moshi wa jikoni.

Jumatano, 7 Februari

Sina nyusi.

Mikidadi alikuja na debe lililokuwa na petroli, nilijaribie kikombe kabla ya kugusa tangi lenyewe. Akasema lioshwe kwanza, likae juani, maana petroli ikiisha inaacha pumzi yake, na pumzi ndiyo inayolipuka. Nikamwambia nilikuwa nalehemu kabla baba yake hajaoa. Debe tupu ni debe tupu. Nikasogeza chuma cha moto.

Bumm!

Debe likaruka juu ya migomba. Kuku wa Yuditha hawajarudi wote. Efraimu alitokeza uani kwake akauliza kama ndege imekwisha anguka. Nikamwambia ni majaribio. Akasema, "Majaribio ya kuoka uso?"

Lakini niseme kweli. Mikidadi hakunicheka. Alinipaka samli usoni, kisha akateremka shambani, akaliosha tangi kwa maji ya moto mara tatu, akaliacha wazi juani mpaka jioni. Mikono ile! Anashika skrubu kama mtu anayeokota yai. Mtu wa mjini, lakini mikono anayo.

Ijumaa, 9 Februari

Nimelehemu. Kikombe kimekaa kama titi kwa ng'ombe. Ndege ikisimama chini mkia wake unagusa nyasi na pua inatazama juu, kama vile inapanda, basi tuliipima pale pale. Tukatia petroli. Tukafungua bomba, ikatiririka, ikatiririka, mpaka ikanyamaza. Mikidadi akapanda na kijiti. Iliyobaki haijazi bilauri!

Bwana Miwani alinishika mkono. Yote miwili, kwa pamoja. Mzungu yule haogopi kitu, anapanda juu ya kitambaa na vijiti anaimba. Namheshimu. Akasema kiti cha mbele ni changu.

Hapo ndipo nilipotakiwa kwenda nyumbani. Lakini sifa zilikuwa zimenipanda. Nikamwambia Bwana, hii ni kidogo, mimi naweza kukuongezea tangi zima la pili, la debe mbili, pale nyuma ya mgongo wako unapowekea mizigo, na Mikidadi afunge pampu ya mkono ya kuipandisha petroli. Bwana akarukaruka kwa furaha. Mikidadi akanivuta shati, akaninong'oneza kwamba petroli ina uzito, babu, debe moja halipungui sana frasila. Nikamwambia tangu lini uzito ukawa kitu kibaya?

Jumamosi, 10 Februari

Tangi la pili tayari. Halivuji hata jasho.

Mikidadi amepanda na habari. Bwana amepiga hesabu usiku. Petroli imekuwa nyingi, sasa lazima ajue uzito wa atakayekaa mbele. Jumatatu tutapimwa kwenye ghala la kahawa, mimi na Efraimu. Kwa nini Efraimu? Nikauliza mara mbili! Eti kwa kuwa anaijua njia ya mlimani, awe akiba. Ila fundi ndiye wa kwanza. Uzito ndio utakaoamua.

Mizani ya kahawa! Nilicheka peke yangu. Efraimu mwembamba kama mti wa maharagwe. Mkulima gani hajui mizani inavyosema? Gunia zito linasifiwa, gunia jepesi linarudishwa nyumbani. Nimemwambia Yuditha apike. Mtori asubuhi, machalari mchana, kiburu jioni. Akaniuliza kama nina hakika kitu kinachoruka kinataka watu wazito. Nikamwambia yeye hajui habari za kupima kahawa. Akasema ndiyo, miaka yote ameibeba tu kichwani.

Jumapili, 11 Februari

Kanisani. Mchungaji amehubiri habari za mfalme aliyewekwa kwenye mizani akaonekana mwepesi, na ufalme wake ukachukuliwa usiku huo huo. Nikamgusa Yuditha kwa kiwiko. Ishara iliyo wazi! Mungu haniachi gizani.

Baada ya ibada nilishuka mtoni kuchagua mawe. Wakulima wasio waaminifu hutia mawe kwenye gunia. Mimi sijawahi, isipokuwa mwaka ule mmoja. Nimechagua laini, yasitokeze. Yuditha ameyashona ndani ya koti langu la Kijerumani. Alishona bila kusema neno. Yuditha akinyamaza hivyo huwa anavutiwa nami.

Jumatatu, 12 Februari

Naandika polepole. Penseli nzito.

Efraimu alipanda mizani akiwa na kaptura na shati. Frasila tatu na nusu. Nikasikitika kwa niaba yake. Nikapanda mimi. Koti, buti, mawe, na nyundo yangu kiunoni. Mizani ikalia. Karani akaongeza jiwe la kupimia. Akaongeza jingine. Frasila tano na ratili kumi! Watu wa ghala wakapiga mluzi. Nikawatazama mmoja mmoja. Nikamwambia Efraimu pole, ndugu yangu, si kosa lako, ni maumbile.

Bwana Miwani akavua kofia, akajikuna. Akasema kikomo ni frasila nne na nusu. Zaidi ya hapo ndege haitafika juu. Petroli tuliyoongeza imekula nafasi.

Sikuelewa. Mikidadi akanieleza kwa sauti ya chini, kama anayetoa habari za msiba. Wanaotakiwa ni wepesi.

Wepesi!

Bwana ni muungwana. Akasema labda ni koti, mzee alivue tupime tena, kwani kiti hiki anataka kiwe changu. Bila mawe mimi ni frasila nne na ratili chache. Najua, nilijipima asubuhi kabla ya watu kuja. Lakini nivue koti, mawe yagonge sakafu mbele ya karani anayenipimia kahawa kila mwaka? Mbele ya Efraimu? Nikasema koti si kitu. Ni nyama tupu.

Mikidadi alinishika mkono kunishusha, koti likagonga mizani: ko! Tukatazamana. Angeweza kusema. Akasema tu, kwa sauti ya watu wote, "Mzee wetu ana mifupa mizito."

Kiti amepewa Efraimu.

Jumatano, 14 Februari

Imeruka leo asubuhi. Nilikuwa nimeapa sitakwenda. Nilifika kabla ya wote.

Kibo ilikuwa wazi, nyeupe, haina hata uzi wa wingu. Ndege ikakimbia kwenye majani, ikajinyanyua. Nilisahau kukasirika. Kitambaa, vijiti, na bati langu, vinakwenda juu! Ikazunguka, ikapanda, ikazunguka, ikapanda. Ikawa kama nyuki. Ikafika kwenye mgongo ule kati ya Kibo na Mawenzi, ikapenya kama uzi katika tundu la sindano. Ikapotea.

Kimya.

Mikidadi alikaa chini akihesabu kwa saa ya Bwana. Mimi nilisimama. Nikakumbuka kila tone la lehemu nililolitia. Lile la kona ya kushoto, je? Nililipitia mara mbili au mara moja? Nilimwona Efraimu kule juu, na chini yake Rombo yote, na kati yake na kifo kikombe cha bati kilichotengenezwa na mtu anayemchukia. Nikamwomba Mungu. Nilimwombea Efraimu! Nikaongeza kwamba simchukii sana.

Saa moja. Saa moja na nusu. Mikidadi akasema kwa tangi la zamani sasa ingekuwa imekauka. Tukasikiliza. Ndipo upande wa Taveta, chini chini, nikasikia mngurumo, na masikio yangu ndiyo yaliyosikia kwanza, mashahidi wapo.

Ikatua. Mikidadi akachomeka kijiti: bado zaidi ya debe moja! Bwana akanikumbatia mbele ya watu, miwani yake ikanipiga pua.

Efraimu aliteremka, akapiga magoti, akashika majani kwa mikono yote miwili. Nikamwambia haya, anza, mimi niliyekanyaga Kibo. Akatikisa kichwa. Akasema ameona Ziwa Chala kama jicho la buluu linalomtazama, ameona barafu inaning'inia kwenye mwamba kama mapazia, na wakati wote injini haikukohoa hata mara moja. Akasema, "Ndelilio, mikono yako ndiyo iliyonibeba."

Nikajifuta macho. Kuna vumbi jingi pale uwanjani.

Jioni kwenye mbege alisimama akanipa kigoda chake. Mbele ya wote! Nikakaa. Lakini kigoda cha mtu si kuona. Yeye sasa ameiona Kibo kwa mguu na kwa hewa. Mimi bado.

Jumamosi, 17 Februari

Furaha! Furaha tupu!

Bwana Miwani anataka kwenda Mombasa na kurudi bila kutua. Mombasa! Bahari! Efraimu bahari hajaiona wala kwa ndoto. Petroli ya sasa haitoshi, Bwana anataka tangi jipya, kubwa kuliko yote, la debe sita. Akaniuliza kama kuna fundi anayeweza. Nikajibu kabla hajamaliza kuuliza.

Safari hii mimi si mjinga. Somo la uzito nimelishika. Tangu Alhamisi sili mtori. Koti nimemgawia Efraimu.

Pa kuliweka palikuwa taabu. Nyuma kumejaa, juu kumejaa. Bwana na Mikidadi wakakuna vichwa. Mimi ndiye niliyepaona: pale mbele! Nafasi nzuri, pana, imekaa bure. Kiti chenyewe nimekifungua kwa mkono wangu, skrubu nne, nikakiweka ghalani. Nimepima kwa kamba, nimekata bati, nimelijaribu. Linaingia barabara. Huwezi kupitisha hata kidole pembeni. Bwana anasema hajapata kuona kazi kama hii, na mimi pia sijapata.

Mikidadi alikwenda ghalani akakitazama kile kiti, akarudi. Akasema, babu, wewe ni fundi. Wivu ninaujua nikiuona, lakini nimempa mkono.

Wanaondoka Jumanne. Nimemwambia Yuditha anifulie shati jeupe. Nimewaambia watu wote wa mbege. Nitakaa mbele.